Isoniazidi Mezani: Samaki, Jibini na Ulanzi

Mtu anayetumia isoniazidi anaweza kula kipande cha samaki, na muda mfupi baadaye uso ukamwiva, kichwa kikamgonga, moyo ukamwenda mbio na jasho likamtoka. Baadhi humlaumu mpishi. Wengine huilaumu dawa, na kesho yake hawaimezi. Hilo la pili ndilo linalotutia hofu zaidi, kwa kuwa kifua kikuu kisichotibiwa hadi mwisho huua.

Isoniazidi imo katika vidonge vya kutibu kifua kikuu. Hutolewa pia peke yake, kwa kawaida kwa miezi 6, ili kuwakinga watu wanaoishi na VVU wasiugue kifua kikuu. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, na Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa iliyo juu sana ya wastani huo. Kwa hiyo dawa hii imo katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini.

Mwili huvunja kemikali za chakula kwa msaada wa vimeng'enya. Kipo kinachovunja histamini, ambayo hujaa katika samaki aliyeanza kuharibika, na kipo kinachovunja tiramini, inayopatikana katika vyakula vilivyochachushwa au kukomazwa. Isoniazidi huvizuia vyote viwili kwa kiasi fulani. Kemikali ambayo ingevunjwa tumboni na kwenye ini bila mlaji kujua, sasa huingia kwenye damu ikiwa nzima.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1952, huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi, dawa ya ukoo mmoja na isoniazidi, walichangamka isivyo kawaida. Ikaja kutumika kutibu sonona. Mwaka 1963 daktari kijana wa London, Barry Blackwell, akahusisha dawa za kundi hilo na jibini: waliokula jibini walipandwa ghafla na shinikizo la damu, na baadhi walivuja damu kwenye ubongo. Isoniazidi ina nguvu ndogo zaidi katika jambo hili, na madhara ya namna hiyo hutokea kwa nadra. Hata hivyo, tahadhari haina gharama.

Samaki wa kuangaliwa hasa ni vibua na jodari. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takribani kilomita 500, na Mbeya ni zaidi ya 800. Barafu ikiyeyuka njiani au kwenye meza ya sokoni, histamini huongezeka. Kumkaanga, kumchemsha au kumbanika samaki huyo hakuiondoi, na pengine hata harufu haibadiliki. Katika kipindi cha dawa, ni salama zaidi kula maharage, mayai, nyama au samaki aliyevuliwa siku hiyohiyo. Jibini iliyokomaa iahirishwe. Maziwa freshi hayana tatizo. Parachichi bivu la Rungwe nalo halina hatia.

Kuhusu pombe hatuna nafuu ya kutoa. Isoniazidi yenyewe inaweza kudhuru ini, na pombe huongeza hatari hiyo. Msimu wa ulanzi, wengi husema ule mtamu uliogemwa asubuhi si pombe. Ulanzi huanza kuchacha ungali kwenye mwanzi. Mtamu wa asubuhi ni mkali jioni. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au kichefuchefu kikikataa kuisha, nenda kituoni siku hiyohiyo kabla ya kumeza dozi inayofuata.

Anayetumia dawa za kifafa, yaani karbamazepini au fenitoini, amweleze mhudumu mapema. Isoniazidi ikitolewa peke yake huchelewesha kuondoka kwa dawa hizo mwilini. Zikirundikana, mgonjwa huyumba, husinzia au huona vitu viwiliviwili. Ikitolewa pamoja na rifampisini, mambo yanaweza kugeuka na dawa ya kifafa ikapungua nguvu. Usijipimie dozi mwenyewe. Daktari ndiye wa kuipanga.

Unapokwenda kliniki au duka la dawa muhimu, chukua vidonge vyote unavyotumia, pamoja na dawa za asili, umwonyeshe mhudumu. Ukipata dalili baada ya mlo, mweleze ulikula nini na saa ngapi, na umwombe aijaze taarifa ya madhara ya dawa. Taarifa hizo hupokelewa pia katika ofisi ya TMDA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, jijini Mbeya.