Shamba la matunda: tusiuache udongo uchi

Ukipita Tabora utakuta miembe mikubwa ya zamani, ukumbusho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19. Miembe hiyo haimwagiliwi. Chini yake kuna tabaka la majani makavu, na kila mwaka majani hayo yanaoza na kurudi udongoni.

Sasa tutazame mashamba mapya ya maembe, machungwa na mapapai yanayomwagiliwa kwa maji ya kisima au bwawa. Wengi wetu tunayapalilia mpaka yang'ae. Udongo wa Tabora kwa sehemu kubwa ni wa kichanga, haushiki maji. Kuanzia Mei hadi Oktoba jua linauchoma. Maji uliyoyavuta kwa gharama ya mafuta yanapotea hewani, mengine yanazama yasikofika mizizi.

Kwa nini tuchanganye mazao?

Mimea ya jamii ya kunde, kama marejea na fiwi, huvuta naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa kwenye mizizi. Tatizo lake ni kwamba majani yake huoza haraka, na udongo hubaki wazi tena.

Mtama na uwele ni kinyume chake. Mabua yake hukaa muda mrefu yakifunika ardhi. Lakini yakiwa peke yake, yanapooza huchukua naitrojeni ya udongoni kwa muda, na miti inaweza kugeuka njano. Ukichanganya, kila mmoja unaziba pengo la mwenzake.

Namna ya kufanya

1. Panda mvua zikishakolea, Desemba au Januari, ili mazao haya yakue kwa maji ya mvua.
2. Panda katikati ya mistari ya miti. Acha mita 1 kila upande wa mti, na zaidi kwa miche michanga.
3. Jaribu mistari miwili ya jamii ya kunde kwa mmoja wa mtama au uwele.
4. Marejea na fiwi zikianza kutoa maua, kata zote, pamoja na nafaka. Usisubiri mbegu wala kiangazi, maana zitagombania maji na miti yako.
5. Usichome wala usiondoe. Tandaza chini ya miti, ukiacha nafasi ya mkono mmoja kutoka kwenye shina ili mchwa na uozo visilifikie.

Mambo ya kuangalia

Kama shamba lako lilikuwa la tumbaku, huenda lina minyoo fundo. Kunde za kawaida huweza kuilea, na mipapai na migomba hushambuliwa nayo. Hapo tegemea zaidi marejea, ambayo husaidia kuipunguza. Mbegu za marejea usiwalishe kuku wala mifugo.

Matandazo makavu hushika moto upesi, na ng'ombe wa kiangazi huyapenda. Safisha njia ya kuzuia moto na kubalianeni mapema na majirani wafugaji.

Usianze na shamba zima. Anza na mistari miwili ya miti. Ikifika Agosti, siku mbili baada ya kumwagilia, chimba kina cha kiganja chini ya mti wenye matandazo, kisha chini ya usio nayo. Finyanga udongo wa pande zote mbili mkononi. Ule unaoshikamana ndio uliotunza maji yako.