Mashujaa wa Kigeni na Utani wa Kwetu

Vijana wengi wa Visiwa vyetu leo wanamjua Superman, Batman na Black Panther kwa majina, kwa mavazi na hata kwa udhaifu wao. Wengi wao hawamjui Fumo Liyongo. Wapo wazee wanaoliona jambo hili kuwa msiba, na wangependa filamu za mashujaa hao zipigwe marufuku. Sisi, tulio miongoni mwa wapenzi wa filamu hizo, hatuafikiani na rai hiyo.

Tutazame asili ya mambo. Superman alitokea gazetini mwaka 1938, akiwa ni zao la vijana wawili wa mji wa Cleveland, Marekani: Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora. Risasi haimpenyi shujaa huyo, ila jiwe la kryptonite humlegeza. Liyongo wa mwambao wetu naye hakuuawa kwa mkuki wala mshale, bali kwa sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni, tena na mwanawe mwenyewe. Ni nani basi atakayesema kuwa hadithi za namna hii ni ngeni kwetu? Mtoto anayezipenda ameonja chakula cha mababu zake katika sahani ya watu wengine.

Yatupasa kuitazama sahani hiyo. Siegel na Shuster waliuza haki zote za shujaa wao kwa dola 130. Wengine walitajirika, na wao waliishi kwa dhiki kwa miaka mingi. Mwaka 1975 tu, baada ya malalamiko yao kusikika hadharani, ndipo walipoanza kulipwa kiinua mgongo cha dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka. Filamu ya Superman ilitoka mwaka 1978. Mwaka 2009 kampuni ya Disney ilikubali kuinunua Marvel kwa dola zipatazo bilioni 4, na miaka kumi baadaye filamu moja tu, Avengers: Endgame, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 2.7.

Hapo ndipo palipo na hatari kwa vijana wetu. Wapo Unguja na Pemba wanaotunga vichekesho, wakavipiga picha kwa simu na kuvitoa mtandaoni. Anayekuja kuvinunua humkuta mtunzi hana hati wala mkataba. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 2003, na inayo COSOZA ya kuisimamia. Twaomba elimu ya sheria hiyo ifike hadi vijijini, pamoja na mkataba wa mfano ulioandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu. Dola 130 zisije zikawa bei ya vipaji vyetu.

Jambo la pili ni utani wenyewe. Mwaka 2019 mchekeshaji Idris Sultan alihojiwa na polisi mjini Dar es Salaam, kwa sababu ya picha alizozitoa mtandaoni alimobadilishana sura na Rais John Magufuli. Kwa maoni yetu, mzaha wa namna ile haukustahili kufika kituoni. Watu wa Visiwa hivi hawajaanza leo kutaniana. Siti binti Saad aliimba kuhusu hukumu za mahakama zilizowachoma watu roho, na wakubwa wa zama zile walisikia. Huko Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, watu hupigana kwa magogo ya migomba na kuimbana maneno makali, kisha hula pamoja. Kiongozi anayestahimili dhihaka hapungukiwi na heshima yake.

Lakini Mwaka Kogwa una adabu zake. Anayeimbwa yupo uwanjani na ana kinywa cha kujibu, na jua likitua mambo hayo hukoma. Mtandao hauna machweo. Maneno yaliyotupwa humo leo yatamkuta mjukuu wa aliyetukanwa. Kwa hiyo mchekeshaji anayewadhihaki walemavu, wajane au mafukara asijifarague kuwa ni shujaa wa uhuru wa kusema. Ushujaa ni kumtania mwenye nguvu, si kumkanyaga aliyekwisha kuanguka.

Kwa wakuu wetu wa serikali tuna ombi moja. Filamu na sanaa Visiwani ziko chini ya Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Mawasiliano ya simu ni jambo la Muungano. Hivyo kichekesho kikichezwa jukwaani kina ofisi yake, na hichohicho kikiingia katika simu kinakuwa na ofisi nyingine. Msanii asiye na wakili atajuaje mpaka uko wapi? Inafaa pande hizo mbili ziketi pamoja na wasanii, ziandike mwongozo mmoja mfupi unaotenganisha mzaha na kashfa, na malalamiko yasikizwe kwanza na watu wa sanaa kabla ya kukabidhiwa polisi.

Marufuku haitamleta Liyongo katika filamu. Atakayemleta ni kijana mwenye kipawa, anayeijua haki yake na asiyeogopa kuchekesha. Kijana huyo tunaye. Kazi iliyobaki ni ya wahusika.