Kumtambua mjusi: rangi itazamwe mwisho

Ukipanda Mlima Kigali jua likishachomoza vizuri, si ajabu kukutana na mjusi mwenye kichwa cha buluu akiota jua kwenye shina la mti. Wengi hushika rangi hiyo kwanza, na hapo ndipo wanapopotea.

Buluu ile ni ya dume, tena hukolea zaidi msimu wa kupandana au anapomkabili dume mwenzake. Jike wake ana rangi ya kahawia na kijivu, kama gome analokalia. Anayefuata rangi atahesabu aina mbili penye moja.

Basi anza na mahali. Aliyeng'ang'ania mti, mwenye kichwa kipana cha pembetatu na magamba yenye ncha kali, ni wa jenasi ya Acanthocercus. Doa jeusi begani, kila upande, litakuthibitishia. Kwenye miamba ya savana, kuanzia Rwanda hadi Kenya na Tanzania, yupo Agama mwanzae. Dume lake lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, na umbo lake bapa humwezesha kujipenyeza katika nyufa za mawe.

Kisha tazama ngozi, macho na vidole. Ngozi laini inayong'aa, yenye mistari miwili myeupe kutoka kichwani kuelekea mkiani, ni ya Trachylepis striata, anayependa kuta na nyua. Yule wa usiku karibu na taa, asiye na kope na anayesafisha jicho kwa ulimi, ni mjusi kafiri. Vidole vilivyogawanyika mafungu mawili kama koleo ni vya kinyonga. Na kando ya maziwa ya Akagera, mkubwa mwenye ulimi wenye panda kama wa nyoka ni kenge.

Usimkamate. Mjusi kafiri, kama yule wa ngozi laini, hukata mkia ili kujiokoa, na mkia ule ni ghala lake la mafuta. Mpya ukiota hufanana kidogo tu na wa kwanza, kwa hiyo nao usiutegemee sana. Piga picha ya mgongo, ya ubavu na ya kichwa kwa karibu, kisha andika mahali, mwinuko na tarehe.

Mahali pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa miaka mingi mijusi wa buluu wa mitini, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, waliitwa wote Acanthocercus atricollis. Mwaka 2018 wataalamu waliligawa kundi hilo, na wa ukanda wa Ziwa Kivu wakatambuliwa kuwa aina yao wenyewe, Acanthocercus kiwuensis. Picha nzuri isiyo na mahali haikuweza tena kusema ni ya nani. Iliyoandikiwa mlima na tarehe ilipata jina jipya bila shida, na itabaki na thamani hata majina yakibadilika tena.