Ati MCA Anapiga Kelele Tu? Ya Kweli na ya Uongo Kuhusu Maswali ya Bunge la Kaunti

Bila shaka umewahi kuyasikia haya. Umekaa kwenye matatu, redio inatangaza kwamba mwakilishi wadi (MCA) fulani amesimama katika bunge la kaunti kutaka kujua kwa nini zahanati iliyokamilika bado ina kufuli mlangoni. Taarifa haijaisha, abiria wa nyuma ameshatoa hukumu: "Kelele tu hizo." Jirani yake anajua zaidi: "Huyo alitaka tenda akanyimwa." Dereva naye anafunga mjadala: pesa zililiwa zamani, tuongee mambo mengine.

Ugatuzi wa Kenya ulianza kazi mwaka 2013. Tuna kaunti 47 na wadi 1,450, na muda huo wote umetosha kabisa kwa uvumi kuota mizizi. Basi tuyachukue maneno haya moja baada ya jingine, tuyapime kwa Katiba, kwa sheria na kwa yaliyokwisha kutokea. Yaliyo kweli tuyape haki yake.

"MCA akiuliza, serikali ya kaunti hailazimiki kujibu."

Si kweli. Kifungu cha 183 cha Katiba ya 2010 kinaitaka kamati kuu ya kaunti, yaani gavana na mawaziri wake, ilipe bunge ripoti kamili, tena za mara kwa mara, kuhusu mambo ya kaunti. Kifungu cha 195 kinakwenda mbali zaidi: bunge la kaunti au kamati yake yoyote inaweza kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au habari. Katika kufanya hivyo ina mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kuwalazimisha mashahidi kufika, kuwaapisha na kudai hati. Waziri wa afya wa kaunti anayesema "nina shughuli" anapoitwa na kamati anacheza na jambo zito.

Sasa mbona inaonekana kama kelele? Sababu ni ya kawaida tu. Mawaziri wa kaunti si wajumbe wa bunge la kaunti, kwa hiyo siku MCA anapouliza, anayepaswa kujibu hayumo ukumbini. Kwa kawaida mwakilishi huomba taarifa, Spika akaipeleka kwa mwenyekiti wa kamati husika, mwenyekiti akamwandikia waziri, waziri akawaagiza maafisa wake, kisha jibu likarudi kwa njia ile ile na kusomwa bungeni. Wiki zinapita. Redio ilikuwepo siku ya swali, na siku ya jibu mwandishi yuko kwenye mkutano wa gavana.

Nikiri upande wa pili: zipo kamati zinazopokea jibu la nusu ukurasa na kulishukuru. Hapo upungufu hauko kwenye sheria. Wenye mamlaka hayo wamekaa tu.

"MCA mzuri ni yule anayeleta barabara."

Si kweli, na sheria yenyewe inakataza. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 9, inasema mjumbe wa bunge la kaunti asijihusishe, moja kwa moja au kwa kificho, na kazi za utendaji za serikali ya kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wake. Kazi yake ni kukaa karibu na wananchi, kupeleka maoni yao, kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, kisha kuwakagua wanaoitumia.

Mantiki yake ni rahisi. Akiwa yeye ndiye aliyempa mkandarasi kazi, nani atasimama bungeni kuuliza kwa nini lami imebanduka baada ya mvua mbili? Hata pale kaunti inapotenga fedha za maendeleo ya wadi, wanaowajibika kuzitumia ni maafisa wa serikali ya kaunti. Wengi wetu tunamchanganya MCA na mbunge, ambaye jina lake limefungamana na hazina ya maendeleo ya maeneo bunge (NG-CDF). Na mabango yale yenye picha kubwa ya mheshimiwa kando ya kisima hayatusaidii kutofautisha. Kisima ni cha kodi yako, picha ni ya kampeni.

"Kama mradi umo kwenye bajeti, pesa zake zipo."

Si kweli. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo wananchi wengi wanapopotelea, na ndipo maswali mengi ya MCA yanapokufa.

Bajeti ya kaunti ni ruhusa ya kutumia. Bunge huipitisha kabla ya tarehe 30 Juni, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Siku hiyo hakuna gunia la noti linalofunguliwa. Pesa zitakuja kidogo kidogo mwaka mzima, na sehemu kubwa hutoka katika mgao wa serikali kuu. Katiba inataka mgao huo usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kuhesabia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Katika mwaka wa 2023/24 kaunti zote 47 ziligawiwa takriban shilingi bilioni 385.4. Mgao huo huchelewa mara kwa mara, na magavana hawachoki kuilalamikia Hazina Kuu.

Kiasi kingine ni mapato ya kaunti yenyewe: ada za maegesho, leseni za biashara, ushuru wa soko, kodi ya ardhi, malipo ya hospitali. Hapa ndipo penye mchezo. Kaunti ikitaka bajeti yake ionekane imesawazika, hupandisha makadirio ya mapato haya. Kwenye karatasi ushuru wa soko unaongezeka kwa kasi ya ajabu. Sokoni kwenyewe akina mama ni wale wale na meza ni zile zile. Mwisho wa mwaka mapato hayafiki, na miradi iliyoandikwa juu ya pesa hizo inabaki kuwa maandishi.

Hata pesa zinapofika kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, hazitoki hivi hivi. Lazima Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe kila zinapotolewa. Mishahara hutangulia, kisha uendeshaji wa ofisi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inasema angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa kipimo cha muda wa kati, iende kwenye maendeleo. Kuitenga hiyo 30 ni rahisi. Kuitumia kumezishinda kaunti nyingi, na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimelirudia jambo hilo mwaka baada ya mwaka. Makandarasi waliokwisha kufanya kazi hujikuta kwenye orodha ya madeni, ambayo kwa kaunti zote kwa pamoja ilikuwa imepita shilingi bilioni 150 kufikia katikati ya 2024.

Kwa hiyo MCA akiuliza, "Je, barabara ya wadi yangu imo kwenye bajeti?" waziri atajibu "Ndiyo, Mheshimiwa Spika," ataketi, na atakuwa hajasema uongo. Yule anayejua kazi yake anauliza vingine. Kilitengwa kiasi gani? Kimetolewa kiasi gani, tarehe gani? Amelipwa nani, kwa cheti kipi cha kazi? Deni lililobaki ni kiasi gani? Hizo tarakimu hazifanani hata kidogo, na mwanya ulio kati yake ndio habari yenyewe.

"Swali la mheshimiwa liwe la mabilioni. Vitu vidogo havina hadhi."

Si kweli, na Bungoma ni shahidi. Mwaka 2015 Wakenya waligundua kwamba kaunti hiyo ilikuwa imenunua wilibaro 10, kila moja kwa zaidi ya shilingi 109,000. Jumla yake ilikuwa kama shilingi milioni moja hivi, tone tu katika bajeti ya kaunti ya mabilioni. Lakini kila mtu anajua bei ya wilibaro. Ameiona kwa muuza vifaa, ameisukuma, pengine anayo nyumbani. Taifa zima lilicheka na kukasirika kwa siku moja, na jambo likafika kwa wachunguzi na hatimaye mahakamani. Ukimwambia mtu kwamba bilioni mbili "hazina maelezo ya kutosha," anapiga miayo.

Bei ya kitu kimoja, basi, ndiyo inayouma. Katoni ngapi za dawa zilipokewa, lini, nani alitia saini? Gari la wagonjwa lilitumia lita ngapi za dizeli katika mwezi ambao lilikuwa gereji?

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii nimeipima nikaona ni kweli tupu, na watunga sheria waliiona pia: hazina ya kaunti hupaswa kuandaa ripoti ya matumizi kila robo mwaka, kuifikisha bungeni na kuichapisha, ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kuisha. Daftari limeagizwa. MCA asiyelisoma atauliza kwa kubahatisha.

"Mkaguzi Mkuu akisema pesa hazina stakabadhi, zimeibwa."

Si lazima. Nusu ya neno hili ni kweli, na nusu nyingine inaweza kumharibia mtu jina bure.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha kukamilisha ripoti yake. Anapoandika kwamba matumizi fulani hayakuthibitishwa, anasema aliomba hati na hakuonyeshwa. Huenda hati hazikuwahi kuwepo kwa sababu kazi haikuwahi kufanyika. Huenda ziko kwenye kabati la afisa aliyehamishwa. Huenda ni uzembe wa kutunza faili, ambao nao ni kosa lakini si wizi. Mkaguzi hana mamlaka ya kumfunga mtu.

Ndiyo maana ripoti hiyo inahitaji mtu wa kuifuata. Katiba, kifungu cha 229, inalipa Bunge au bunge la kaunti miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Kamati ikifanya kazi, afisa huja na hati au hukwama mbele ya kila mtu, na hapo ndipo unapojua kama ni wizi au ni vumbi la kabatini. Kamati isipofanya kazi, ripoti inabaki kuwa kichwa cha habari cha siku mbili, mwizi na mzembe wakabaki pamoja gizani.

"MCA amenyamaza, na shule yetu ya msingi haina walimu."

Lawama imekwenda mlango usio wake. Jedwali la Nne la Katiba linaiachia serikali kuu shule za msingi, sekondari na polisi. Kaunti ina chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali zisizo za rufaa za taifa, barabara za kaunti, maji, masoko, taka, taa za barabarani. Hata basari za kaunti kwa wanafunzi wa sekondari zilizua mzozo mapema 2025, Mdhibiti wa Bajeti alipotaka kwanza pawe na makubaliano rasmi kati ya ngazi hizo mbili za serikali, na suala likafika mahakamani. Chekechea bila choo, muulize MCA. Hisabati bila mwalimu, mtafute mbunge.

"Anayeuliza sana anataka kumng'oa gavana."

Mara chache. Kumwondoa gavana kunahitaji theluthi moja ya wajumbe kuunga mkono hoja iletwe, theluthi mbili kuipitisha, kisha Seneti kuamua. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waliondolewa mwaka 2020. Mwaka huo huo Anne Waiguru wa Kirinyaga alipona Seneti. Kawira Mwangaza wa Meru alivuka mara mbili, ya tatu, Agosti 2024, ikamshinda. Hao ni wachache mno ukilinganisha na maswali yanayoulizwa kila wiki katika mabunge 47.

Lakini abiria wetu wa matatu, yule wa tenda, hakuota tu. Lipo swali linaloulizwa Jumanne na kuondolewa Alhamisi bila jibu kutolewa, na ukiona hivyo una haki ya kujiuliza kilichotokea Jumatano.

"Mimi mwananchi wa kawaida sina mahali pa kuuliza."

Si kweli hata kidogo. Vikao vya bunge la kaunti na vya kamati zake huwa wazi kwa umma, isipokuwa pawe na sababu ya kipekee, kwa agizo la kifungu cha 196. Una haki ya kuwasilisha ombi rasmi bungeni. Kisha kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo nashangaa jinsi isivyotumiwa. Unaandika barua kwa ofisi ya kaunti ukitaja unachotaka: nakala ya mkataba wa barabara, orodha ya malipo, cheti cha kukamilika kwa kazi. Kuomba ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21, na ikiwa habari inagusa uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Ukinyimwa, unapeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Barua hiyo sheria inaruhusu iandikwe kwa Kiswahili. Na mwombaji akiwa hajui kuandika, au ana ulemavu unaomzuia, afisa wa habari mwenyewe ndiye anayepaswa kushika kalamu na kumwandikia, kisha ampe nakala.