Kituo cha Redio Kisichokaliwa na Mtu

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya hewani baina ya watu wenye leseni, pasipo malipo. Wengi wao huishi mijini, ambako vifaa vya umeme huzua makelele yanayomeza sauti hafifu za mbali, na nafasi ya kusimamisha antena ni adimu. Hivyo baadhi yao huuweka mtambo mlimani au shambani, wakauendesha kutoka nyumbani kwa tarakilishi kupitia intaneti: hubadilisha masafa, huzungusha antena, husema na kusikiliza.

Hatari haimo katika umbali wenyewe. Intaneti ikikatika wakati mtambo unarusha mawimbi, amri ya kunyamaza haiufikii. Utaendelea kurusha, uwazibie wengine masafa na pengine uungue. Ndiyo maana kanuni za Marekani, Sehemu ya 97, zinataka kituo cha aina hii kiwe na njia ya kuhakikisha kuwa, kiungo kikiharibika, mtambo haurushi kwa zaidi ya dakika 3. Saa ya kuhesabu dakika hizo, bila shaka, sharti ikae mtamboni. Ikikaa kwa mwendeshaji, itakatwa pamoja na kiungo chenyewe.