Utunzaji wa spika kubwa za zamani

Makala hii inahusu spika kama chombo cha kutoa sauti. Kwa maana ya kiongozi wa bunge, tazama makala ya Spika wa Bunge.

Utunzaji wa spika kubwa za zamani ni kazi ya kuhifadhi spika zisizotumika kwa miezi au miaka, ili siku zikiwashwa tena zitoe sauti kama awali. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, wenye spika huhofia miezi ya theluji. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki majira ya hatari ni masika, na vinavyoharibu ni unyevu, mchwa, panya na uzito wa spika zenyewe. Makala hii inachukua mfano wa Visiga, kata iliyopo Kibaha katika Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Mengi yanayoelezwa hapa yanafaa pia Kisarawe, Bagamoyo, Tanga, Mombasa na Unguja, kwa sababu hali ya hewa ya huko inafanana.

Muundo wa spika

Spika hugeuza umeme kuwa sauti. Aina inayotumika zaidi hadi leo ilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric nchini Marekani. Waya mwembamba husokotwa kuwa koili, na koili hiyo huning'inia ndani ya pengo la sumaku. Umeme wa amplifaya ukipita katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma pamoja na koni iliyogundishwa nayo. Koni hutikisa hewa, na mtikisiko huo ndio sauti.

Sehemu zinazohitaji uangalizi katika spika ya zamani ni hizi:

- Koni. Mara nyingi ni ya karatasi, na karatasi hunyonya unyevu.
- Ukingo wa koni. Ni utepe laini unaoishika koni kwenye fremu ya chuma. Hutengenezwa kwa kitambaa kilichotiwa dawa, mpira au sponji.
- Koili na sumaku. Nafasi kati ya koili na chuma cha sumaku haifiki milimita moja kila upande, kwa hiyo kutu kidogo tu hutosha kuikwamisha.
- Boksi. Huwa la plaiwudi, mbao au chipubodi.
- Kapasita na koili za kugawa sauti. Hizi hupeleka sauti nene kwenye spika ya besi na sauti nyembamba kwenye tuita.

Sababu za kuzitunza

Nchini Tanzania spika nyingi kubwa za zamani zinahusiana na muziki wa dansi. Bendi nyingi zilimilikiwa na vyama, mashirika na taasisi za umma. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Jina lake likafuata mabadiliko ya chama hicho, likawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978. Katika mfumo huo vyombo vilikuwa mali ya taasisi, na mwanamuziki aliyehama bendi aliviacha nyuma. Katika miaka ya 1980 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, hivyo vyombo vipya kutoka nje vilikuwa adimu na vya zamani vilikarabatiwa tena na tena.

Koni asilia ikioza hairudi. Fundi anaweza kuweka koni mpya, lakini ikiwa uzito au ugumu wake ni tofauti, sauti nayo hubadilika. Kanda ya redio huhifadhi wimbo. Spika huhifadhi namna wimbo ule ulivyosikika ukumbini. Ndiyo maana spika iliyolala stoo si mzigo tu, na uzembe wa masika moja unaweza kufuta kitu ambacho hakitengenezwi tena.

Hali ya hewa ya Visiga

Visiga hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Agosti ni kipupwe, ambapo mvua ni chache na usiku huwa na ubaridi. Baridi hiyo peke yake haiwezi kudhuru spika. Hatari inatokana na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku, pale hewa inapokuwa na mvuke mwingi.

Hewa yenye joto la nyuzi 30 za selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 hubeba takriban gramu 17 tu. Tuseme stoo iliyoezekwa kwa bati imefikia nyuzi 30 mchana, na hewa yake ina gramu 18 za mvuke. Hapo unyevuanga ni asilimia 60, na chumba kinaonekana kikavu. Usiku bati likipoa hadi nyuzi 20, hewa inayoligusa haiwezi kubeba gramu zote 18. Ziada hugeuka matone, kama yale yanayoonekana nje ya bilauri ya maji baridi. Matone hayohayo hujitokeza kwenye fremu ya spika, kwenye sumaku na kwenye skrubu. Stoo isiyovuja hata tone la mvua inaweza kulowesha spika kwa njia hii.

Mambo yanayoharibu spika iliyohifadhiwa

Unyevu. Unyevuanga ukizidi asilimia 70 kwa siku nyingi mfululizo, ukungu huanza kuota kwenye karatasi, kitambaa na mbao. Chipubodi huvimba na haisinyai tena ikawa kama zamani. Sakafu ya saruji nayo hupitisha unyevu kutoka ardhini, kwa hiyo boksi hulowa kuanzia chini hata kama juu ni kavu.

Kuoza kwa sponji. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina ukingo wa sponji. Unyevu huvunja taratibu viungo vya kikemia vya sponji hiyo, nayo hunata kisha kumomonyoka kama keki kavu. Huoza hata kama spika haijapigwa kamwe. Ukingo wa kitambaa hudumu muda mrefu zaidi.

Mchwa. Mbao iliyogusa sakafu au ukuta ni chakula chao. Huingia kwa chini na kula ndani, na rangi ya nje hubaki nzima hadi boksi linapobonyea.

Panya na wadudu. Tundu la besi lililopo mbele au nyuma ya boksi ni mlango mzuri kwa panya, ambaye hutafuna koni na pamba ya ndani ili kujenga kiota. Nyigu hujenga vyumba vya udongo katika tundu hilohilo.

Uzito. Spika ya besi yenye koni nzito ikilazwa chali au kifudifudi kwa miaka, koni hushuka kidogo kidogo kwa uzito wake. Koili hutoka katikati ya pengo, na spika ikiwashwa hukwaruza.

Namna ya kuhifadhi

1. Spika isafishwe kwanza. Vumbi litolewe kwa brashi laini na kitambaa kikavu. Maji, sabuni na mafuta visipakwe kwenye koni.
2. Hali yake iandikwe. Picha ya kila upande na maelezo mafupi ya nyufa zilizopo vitasaidia kujua baadaye kama kuna uharibifu mpya.
3. Kichaguliwe chumba cha ndani chenye dari, kisichopakana na bafu wala jiko. Chumba chenye dari hubadilika joto polepole kuliko stoo ya bati tupu.
4. Boksi liinuliwe. Chaga ya mbao juu ya matofali hutosha, ikiwa kimo chake kinaruhusu kuona chini yake kwa tochi. Liachwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja au zaidi, ili hewa ipite na njia za udongo za mchwa zionekane mapema.
5. Spika isimame kama inavyosimama ikitumika. Mbele yake iwekwe ubao mwembamba usiogusa koni, ili fimbo ya fagio au kidole cha mtoto kisiitoboe.
6. Tundu la besi lizibwe kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 5. Wavu huzuia panya lakini hauzuii hewa.
7. Boksi lifunikwe kwa shuka la pamba. Pamba huzuia vumbi na kuruhusu unyevu kutoka.
8. Kiwekwe kipima unyevu kidogo chumbani. Lengo ni asilimia 40 hadi 60. Wakati wa masika lengo hilo ni gumu kulifikia pwani, lakini kila siku inayobaki chini ya 70 ni faida.
9. Chumba kifunguliwe siku za jua, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na kifungwe kabla ya giza au mvua.
10. Ukaguzi ufanyike kila baada ya wiki mbili wakati wa masika, na kila mwezi nyakati nyingine. Hatua hii ndiyo inayozipa nguvu zote zilizotangulia, kwa kuwa mchwa hawasubiri masika yaishe.

Spika kubwa inaweza kuwa na kilo 50 au zaidi. Inyanyuliwe na watu wawili kwa kukunja magoti, na maboksi yasipangwe kimo kirefu mahali wanapopita watoto.

Makosa ya kawaida

Kosa linaloharibu spika nyingi hutokana na nia njema: kuzifunga kabisa kwa nailoni au turubai la plastiki. Unyevu uliokwisha kuingia katika karatasi na mbao hukosa pa kutokea, na ukungu hustawi ndani ya kifurushi ambacho mwenyewe hakifungui kwa sababu anaamini kiko salama.

Kosa la pili ni kuweka chumvi ili ivute unyevu. Huvuta kweli, lakini huyeyuka, humwagika na kuharakisha kutu. Vipakiti vya silika ni bora, mradi vikaushwe tena kwa joto vinapojaa. Kosa la tatu ni kukausha chumba kwa jiko la mkaa. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua watu waliolala, na unaweza kusababisha moto. Kosa la nne ni kupuliza dawa ya wadudu moja kwa moja kwenye koni. Dawa ipigwe sakafuni na kutani, spika zikiwa zimeondolewa.

Katika sehemu zenye baridi

Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini watu huhifadhi spika katika gereji zisizo na joto wakati wa baridi. Karatasi na mbao zikiwa kavu huvumilia baridi, ingawa mpira hukakamaa na usichezeshwe ukiwa hivyo. Hatari kubwa huja siku ya kuzirudisha ndani, kwa sababu hewa ya joto hugusa chuma baridi na kuacha matone. Hapo nailoni ina kazi yake: spika hufungwa ikiwa bado nje, kisha huachwa ndani siku nzima hadi ipate joto la chumba, na matone hubaki juu ya nailoni. Wanaosafirisha spika kutoka Njombe au Makete, ambako usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali, wanaweza kufuata njia hiyohiyo wanapoteremka pwani, mradi nailoni itolewe mara tu spika inapokwisha kupata joto.

Kuirudisha kazini

Kabla ya kuunganisha amplifaya, ukingo wa koni ukaguliwe kwa macho na kuguswa taratibu. Sponji inayonata au kumomonyoka ni kazi ya fundi, na spika isipigwe kabla ya kubadilishiwa ukingo. Kisha koili ipimwe kwa mita ya umeme. Spika ya omu 8 kwa kawaida husomeka takriban omu 6. Mita isiyosoma chochote inaonyesha kuwa waya umekatika mahali fulani. Betri ya volti 1.5 ikigusishwa kwa sekunde moja kwenye nyaya za spika ya besi yenyewe, koni inapaswa kusogea bila kukwaruza.

Baada ya hapo spika ipigwe kwa sauti ndogo kwa saa moja hivi. Kama tuita haisikiki ilhali waya wake ni mzima, kapasita iliyozeeka huwa ya kwanza kushukiwa. Koni, ukingo au kapasita iliyoondolewa isitupwe. Ihifadhiwe katika bahasha pamoja na maelezo yaliyoandikwa mwanzo, kwa kuwa fundi atakayefuata ataitumia kama kipimo cha kutafutia kinachofanana nayo.