Mgeni Katika Fani: Muuza Majiko na Hesabu Zake (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwa nini fani ya masoko, tofauti na udaktari au uanasheria, haidai leseni mlangoni. Swali linalofuata ni hili: asiyekaa darasani, elimu yake ataipata wapi? Nitalijibu kwa kumfuata mtu mmoja.

David Ogilvy alizaliwa Uingereza mwaka 1911. Aliingia Chuo Kikuu cha Oxford kwa ufadhili, akaondoka mwaka 1931 bila shahada. Akaenda Paris kupika katika Hoteli ya Majestic, kisha akahamia Scotland kuuza majiko ya Aga nyumba kwa nyumba. Aga ni jiko zito la chuma linalotunza joto usiku na mchana. Alilibuni Gustaf Dalén, mwanafizikia wa Sweden aliyepofushwa na mlipuko. Lilikuwa jiko la bei kubwa, na mwenye nyumba hakulinunua kwa sababu tu muuzaji alikuwa mchangamfu. Aliuliza linakula makaa kiasi gani. Mpishi wake naye aliogopa kubadilishiwa jiko alilolizoea.

Ogilvy aliuza mengi, na mwaka 1935 kampuni ikamwomba awaandikie wauzaji wenzake mwongozo. Hadi leo mwongozo huo una ladha ya kazi iliyofanywa kwa miguu. Anamwambia muuzaji apite mlango wa nyuma, kwa kuwa kugonga mlango wa mbele kunawaudhi mtumishi na bibi wa nyumba pia. Anaonyesha kwamba mpishi ana maneno yake ya kuambiwa na daktari ana yake. Hakuna profesa aliyemfundisha hayo. Kila mlango uliofungwa usoni pake ulimwachia sababu, naye sababu hizo hakuzisahau.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo simulizi za waliojifundisha wenyewe hupenda kulificha. Ogilvy alikuwa na kaka, Francis, aliyefanya kazi katika kampuni ya matangazo ya Mather & Crowther mjini London. Mwongozo ule ulifika mikononi mwa kaka huyo, na mdogo wake akapata ajira. Kijana asiye na kaka wa namna hiyo asijione mzembe akichelewa kufika. Njia yake ni ndefu zaidi, na ni haki aambiwe hivyo mapema. Hata hivyo, kaka alifungua mlango tu. Kilichopita mlangoni kilikuwa mwongozo ulioandikwa vizuri.

Mwaka 1938 alihamia Marekani, akafanya kazi kwa George Gallup, bingwa wa kura za maoni, akipima watazamaji wa sinema wanavutiwa na nini. Ikaja vita, kisha akalima kwa muda huko Pennsylvania. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 37, alifungua kampuni yake ya matangazo New York, Mather & Crowther wakiwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Wakati huo karibu hakuwa ameandika tangazo lolote la maana. Alichokuwa nacho ni miaka ya kuuza ana kwa ana, miaka ya kupima maoni, na kitabu alichokithamini kuliko vyote: kile cha Claude Hopkins cha mwaka 1923, kuhusu utangazaji wa kisayansi.

Hopkins naye hakupita chuo kikuu. Silaha yake ilikuwa kuponi. Tangazo moja liliwekwa katika gazeti hili, jingine katika gazeti lile, na kila kuponi ilibeba alama yake ndogo. Barua za wateja zilipoanza kuingia, karani alizitenga kwa alama, na wiki ikiisha ilijulikana ni tangazo gani lililoleta mteja na kila mteja aligharimu kiasi gani. Ubishi wa wakubwa mezani ulikoma hapo.

Muuza asali wa Tabora mwenye laini mbili za simu anaweza kufanya jambo lile lile. Tuseme anabandika matangazo mawili yenye maneno tofauti, kila moja na namba yake, na kila moja limemgharimu shilingi 20,000. Laini ya kwanza inapigwa mara 9, ya pili mara 31. Wengi wangeshangilia hapo hapo. Lakini daftari linaonyesha kwamba simu 9 zilizaa oda 6, na simu 31 zilizaa oda 7. Kwa hesabu, kila oda imegharimu takriban shilingi 3,333 kwa laini ya kwanza na 2,857 kwa ya pili, tofauti ndogo sana. Tangazo la pili limeita waulizaji wengi wasionunua, na kila mmoja amekula muda wa muuzaji. Pengine halikutaja bei. Hilo sasa ndilo swali la kupima wiki inayofuata, na aliyelifikia ameshaanza kusoma masoko kwa kina.

Teknolojia iliyokuja baadaye iliongeza kasi ya kazi hiyo. Katika kampeni ya Barack Obama ya kugombea urais wa mwaka 2008, Dan Siroker, aliyetoka Google, alipima ukurasa wa kuandikisha wafuasi kwenye tovuti. Vitufe vinne vyenye maneno tofauti vilichanganywa na picha tatu na video tatu, ikawa michanganyiko 24, na wageni wa tovuti wakagawiwa bila upendeleo. Timu ilizipenda video. Matokeo yakaonyesha kwamba kila video ilishindwa na kila picha. Ukurasa wa awali uliandikisha asilimia 8.26 ya wageni. Ulioshinda, wenye picha ya familia ya Obama, uliandikisha asilimia 11.60.

Tofauti ile iliaminika kwa sababu waliopimwa walizidi 300,000. Muuza asali wetu ana simu 40 tu, na kati ya oda 6 na oda 7 huenda hakuna kitu ila bahati. Watu wangapi wanatosha kabla ya kuamini hesabu zako? Juma lijalo tutaanza na swali hilo.